Mimi au Sisi? Juu ya kujieleza mbele ya mwajiri

Liko swali moja ambalo vijana wetu wanaotafuta kazi hukutana nalo siku hizi. Laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa la adili. Mwajiri amwita kijana, amketisha kitini, amwuliza: "Tueleze kazi uliyokwisha kufanya. Wewe mwenyewe ulifanya nini?" Hapo kijana ashikwa na mashaka. Akisema "mimi", aona haya, kwani amefundishwa tangu utotoni kwamba mwenye kujisifu hana heshima. Akisema "sisi", mwajiri hamwoni. Basi aseme nini? Je, kujieleza vema ni kujisifu? Na kujificha nyuma ya wenzake ni unyenyekevu kweli, au ni namna nyingine ya kutosema kweli?

Wazee walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali njema, lakini ni methali ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi aweza kutia mkono ndani ya gunia, kuushika mchele, kuunusa na kuung'ata. Mtu si mchele. Aliyoyatenda jana hayaonekani usoni pake leo. Asipoyasema yeye, au asipoyasema mwingine kwa ajili yake, hayajulikani. Kwa hiyo methali hiyo haitoshi kujibu swali letu, nasi hatuna budi kulichungua zaidi.

Kazi yenyewe

Kijana mmoja wa hapa Nyangwe, ambaye jina lake silitaji, alipata kuitwa na kampuni moja ya mjini. Kampuni hiyo ilikuwa ikitafuta meneja wa bidhaa kwa ajili ya huduma ya kutuma fedha kwa simu. Huenda msomaji atauliza: Meneja wa bidhaa ni mtu gani? Je, ni mwenye duka? Sivyo. Bidhaa hapa si lazima iwe kitu cha kushika. Hata huduma ya kutuma fedha ni bidhaa. Meneja wake ni yule apaswaye kujua watu wanaoitumia wana shida gani, kuchagua lipi litengenezwe kwanza na lipi lingoje, na kuwapatanisha mafundi, wahasibu na wauzaji ili wafuate njia moja.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1931, katika mji wa Cincinnati huko Marekani, kijana aitwaye Neil McElroy, mfanyakazi wa kampuni ya sabuni Procter & Gamble, aliwaandikia wakubwa wake barua. Aliwashauri kwamba kila sabuni ipewe watu wake wa kuiangalia, wajue yanunuliwa wapi, yakataliwa wapi, na kwa sababu gani. Kutokana na shauri hilo kazi ya meneja wa bidhaa ilienea. McElroy mwenyewe alipanda hata akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani toka 1957 hadi 1959.

Ajabu ya kazi hii ni kwamba meneja wa bidhaa mara nyingi hana amri juu ya hao anaowapatanisha. Haandiki programu, hahesabu fedha, hauzi dukani. Karibu kila kitu chafanywa kwa mikono ya wengine. Ndiyo maana lile swali, "Wewe mwenyewe ulifanya nini?", lamchoma yeye kuliko fundi seremala. Seremala aweza kuonyesha meza. Meneja ataonyesha nini?

Kijana wetu alikuwa amefanya kazi miaka mitatu na chama kinachonunua mpunga wa wakulima na kuwalipa kwa simu. Fedha zilifika katika simu vizuri. Lakini mkulima alipokwenda kwa wakala apate noti mkononi, aliambiwa, "Noti zimekwisha, rudi kesho." Wengine walikuwa wametembea nusu siku. Kijana akaketi karibu na mawakala siku nne za soko, daftari mkononi, akaandika wangapi walirudi mikono mitupu na saa ngapi noti zilikwisha. Akaona sababu: chama kiliwalipa wakulima wote siku moja, na noti za mawakala zilikwisha kabla ya adhuhuri. Tena akaona jambo la pili: wenye maduka walikuwa na noti nyingi sandukuni, nao waliogopa kuzisafirisha hata Kindu kununua mali. Akatoa shauri kwamba vijiji vilipwe kwa zamu, na wenye maduka wawape mawakala noti zao, wapokee fedha katika simu, wazitume Kindu bila hatari ya njiani. Mwenyekiti wa chama alikubali. Karani alipanga orodha za zamu. Mama mmoja mfanyabiashara, aliyeaminiwa na wote, ndiye aliyewavuta wenye maduka. Malalamiko yakapungua sana.

Haya, mbele ya wasaili watatu wa kampuni, kijana aliulizwa: "Wewe ulifanya nini?" Akajibu: "Tuliona wakulima wanataabika, tukabadili siku za malipo." Wakauliza: "Nani aliona?" Akajibu: "Sisi sote." Wakauliza tena: "Nani aliyetoa shauri?" Akajibu: "Lilikuwa shauri la chama." Wakamshukuru, na kazi hakuipata. Rafiki zake wakamcheka: "Ungesema 'mimi' tangu mwanzo mpaka mwisho. Nani angesafiri kuja huku kupeleleza?" Naye akaja kwangu na swali hili: "Mwalimu, nilikataa kujisifu, nimekosa kazi. Je, mara nyingine niseme uwongo?"

Naliona swali lake laumiza, kwa sababu alidhani njia ni mbili tu. Tena alidhani kwamba majibu aliyowapa wale wasaili yalikuwa ya kweli. Je, yalikuwa ya kweli?

Mafundisho ya wenye hekima

Aristoteli, mwenye hekima wa Wayunani aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, alichunguza jambo hili. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilishika tena katika karne ya 13. Wote wawili wafundisha kwamba mtu msema kweli juu ya nafsi yake asimama katikati, na pande zote mbili yako makosa. Upande mmoja yuko mwenye majivuno, ambaye hujipatia sifa zisizo zake, au huzikuza zilizo zake. Upande wa pili yuko yule ajishushaye kwa uwongo, ambaye huyakana mema ambayo kweli anayo. Sisi huku twamjua sana yule wa kwanza na kumchukia. Lakini yule wa pili twamsifu, twamwita mpole, wala hatufikiri kwamba naye amesema lisilo kweli.

Tupambanue vizuri. Kunyamaza juu ya mema yako si uwongo. Mtu hapaswi kutembea akitangaza kazi zake kama mpiga ngoma. Lakini kunyamaza ni jambo moja, kukana ni jambo jingine. Kijana wetu alipoulizwa, "Nani aliona?", akajibu, "Sisi sote", hakunyamaza. Alijibu, na jibu lake halikuwa la kweli. Si wote walioketi na daftari siku nne. Ni yeye aliyeketi.

Tena lazima tutazame nani auliza, na kwa haki gani. Jirani akikuuliza kwa udadisi tu, waweza kugeuza maneno. Lakini mwajiri ambaye ataka kukukabidhi fedha na taabu za watu maelfu ana haki ya kujua uwezo wako katika kazi hiyo. Ukimficha mabaya yako, wamdhulumu. Ukimficha mema yako, wamdhulumu pia, maana wamnyima jambo analolihitaji ili achague vema. Na hao wakulima wa vijiji vingine, ambao wangesaidiwa na mtu ajuaye kuketi na daftari penye taabu yao, nao wamepata hasara.

Basi unyenyekevu ni nini? Si kujifanya mdogo. Ni kujiona kwa kipimo cha kweli, kisichopungua wala kuzidi.

Mfano wa mto wetu

Hapa Nyangwe tunayo sababu ya kulifahamu neno "mimi" na hatari yake. David Livingstone alifika hapa mwaka 1871, akataka mitumbwi ya kufuata Lualaba, asiipate. Verney Cameron alifika mwaka 1874, naye asiipate. Mwaka 1876 akaja Henry Stanley. Akafanya mapatano na Tippu Tip ili amsindikize, na mwezi wa Novemba wakaondoka Nyangwe kuelekea kaskazini. Tippu Tip alirudi njiani, Stanley akaendelea na mto, akafika Boma tarehe 9 Agosti 1877. Dunia ikasema: Stanley ameufungua mto wa Kongo.

Lakini tuhesabu mikono. Alitoka pwani ya mashariki mwaka 1874 na watu zaidi ya 200. Waliofika Boma walikuwa kama 115. Vijana watatu wa Kiingereza waliofuatana naye walikufa wote kabla ya mwisho wa safari. Mashua yake, Lady Alice, ilichukuliwa vipande vipande juu ya mabega ya wapagazi katika nchi kavu. Na msimamizi wa mashua hiyo, aitwaye Uledi, aliwaokoa wenzake wengi wasife maji, kama Stanley mwenyewe alivyoandika. Tippu Tip naye aliieleza safari hiyo kwa Kiswahili katika habari za maisha yake, wala hesabu ya malipo aliyoahidiwa hailingani na hesabu ya Stanley. Hivyo safari moja ina wasimulizi wawili, na kila mmoja ana "mimi" yake. Wapagazi hawakuandika kitabu.

Je, basi Stanley angesema "sisi" tu, angekuwa msema kweli? Hapana, si kwa kila jambo. Uamuzi wa kufuata mto usiojulikana waishia wapi ulikuwa wake. Yeye mwenyewe asimulia kwamba alishauriana na Frank Pocock, wakarusha sarafu, na sarafu ikaonyesha waende kusini. Naye akaukata shauri kwenda kaskazini pamoja na hayo. Uamuzi huo, na damu iliyomwagika kwa ajili yake, ni juu yake. Asingeweza kuutupa juu ya "sisi". Kumbe neno "sisi" laweza kumfunika mwenye sifa, na laweza vilevile kumfunika mwenye lawama! Wangapi twawasikia katika maofisi na vyama, fedha zikipotea, wasema "tulikosea", ili asionekane aliyekosea?

Kwa hiyo "mimi" tupu yaiba, na "sisi" tupu yaficha. Yatupasa kutafuta usemi mwingine, wenye kumpa kila mtu fungu lake.

Nani aliyetengeneza M-Pesa?

Tuchukue mfano wa karibu zaidi na kazi aliyoitaka kijana wetu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007 katika kampuni ya Safaricom, na huku kwetu Kongo ilifika mwaka 2012 kwa mkono wa Vodacom. Tukiuliza, "Nani aliyeitengeneza?", watu hubishana sana.

Sikilizeni habari zake. Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone huko Uingereza alitoa wazo la kutumia simu katika mambo ya fedha, na serikali ya Uingereza ikasaidia kwa fedha. Susie Lonie akapelekwa Nairobi kulisimamia jambo lenyewe. Mafundi wengine wakaandika programu. Mwaka 2005 wakafanya jaribio na watu wasiofika 500, waliokuwa wateja wa Faulu, chama cha mikopo midogo. Shabaha ya kwanza ilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Lakini wale wateja wakaanza kufanya mambo ambayo hawakufundishwa: wakatumiana fedha wao kwa wao, na wengine wakaziweka humo kabla ya safari, wapate kuzichukua wafikapo salama. Wasimamizi wakaona hayo, wakaugeuza mpango. Huduma ilipotangazwa mwaka 2007, jambo kubwa lilikuwa kutuma fedha nyumbani. Kisha mawakala wenye vibanda na maduka ndio walioieneza nchi nzima.

Basi fungu la nani ni lipi? Hughes aweza kusema kwa haki: "Mimi nilitoa wazo na kutafuta fedha za kuanzia." Lonie aweza kusema: "Mimi nilisimamia jaribio." Fundi aweza kusema: "Mimi niliandika sehemu fulani." Na wateja wale wa kwanza waweza kusema: "Sisi tuliwaonyesha itumikavyo." Hakuna hata mmoja anayesema uwongo, wala hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Uwongo waanza pale mmoja asemapo: "M-Pesa ni mimi."

Wazee walisema pia: Kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli. Lakini vidole viwili vikiisha kumvunja, kila kimoja chajua kilikandamiza upande gani.

Kanuni ya benchi

Niliyomwambia kijana ni haya, nami nawaambia vijana wote wanaokwenda kuulizwa kazi. Kabla ya kujibu, waza moyoni kwamba nyuma ya kiti chako liko benchi, na juu yake wameketi wale uliofanya nao kazi: mwenyekiti, karani, yule mama mfanyabiashara, hata mkulima aliyerudi mikono mitupu. Wanasikia kila neno. Sasa sema. Ukisema, "Mimi niliketi na mawakala siku nne nikahesabu," nani kati yao atakunja uso? Hakuna. Ukisema, "Mimi niliwashawishi wenye maduka," yule mama atainua kichwa, nawe utaona haya. Basi sema: "Shauri la noti za maduka nililitoa mimi, aliyewashawishi wenye maduka ni mama mmoja, na bila yeye lisingefanikiwa." Na ukisema, "Sisi sote tuliona," hapo pia karani atashangaa na kunong'ona: "Mbona huyu asema hivyo? Aliyeona ni yeye."

Kanuni hii yashika pande zote mbili. Yamzuia mwenye majivuno, na yamwinua mwenye haya. Kujisifu ni kusema jambo usiloweza kulisema mbele ya wenzako. Kujieleza ni kusema lile ambalo wenzako wangelishuhudia.

Huenda mtu atasema: "Mwalimu, hayo ni maneno mazuri, lakini wengine wadanganya na kupata kazi, na msema kweli arudi nyumbani na njaa." Sitalikana hilo. Kweli haimwahidi mtu mshahara, wala singependa kumdanganya kijana nikimfundisha kutodanganya. Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, kweli yenye fungu lake yastahimili maswali. Msaili akiuliza, "Siku nne ngapi walirudi bure? Lipi lilishindikana? Nani alipinga?", aliyeketi na daftari ana jibu, na mwenye kuazima kazi ya mwingine aanza kuyumba. Pili, aliyepata kazi kwa fungu la mwenzake atatakiwa kesho kuifanya kazi ile asiyoijua. Hapo atakayeumia kwanza si yeye, bali mama aliyetembea nusu siku na kukuta noti zimekwisha.

Wajibu wa wanaouliza

Lakini isiwe mzigo wote wamwelemea mwulizwa. Nao wanaouliza wana adili yao. Wengi wao wamejifunza kuuliza kwa desturi za mbali, ambako mtu hufundishwa tangu shuleni kusema "mimi". Huku kwetu kijana ameketi miaka mingi mbele ya wakubwa akijua kwamba anayesema "mimi" hana adabu. Msaili mwenye akili atalijua hilo, naye hatakata hukumu kwa neno moja. Atauliza: "Nani wengine walikuwapo? Kila mmoja alifanya nini? Wewe ungaliondoka, nini kingalikosekana?" Maswali ya namna hii yampa mtu mwenye haya mlango wa kusema kweli bila kuvunja adabu.

Tena mwajiri asidhani kwamba nusu saa ya maneno yamfunua mtu. Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yaruhusu mapatano ya kazi yaanze na muda wa majaribio, ulioandikwa, usiozidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Huko, katika kazi yenyewe yenye malipo, mtu hujulikana kuliko kitini. Na yule asiyekubaliwa apewe jibu. Mtu aliyeitwa kwa heshima na kuachwa bila neno hata moja amedharauliwa, hata kama hakuna aliyemtukana.

Mwisho nawageukia wazazi na walimu. Sisi ndio tunaowafundisha watoto neno "sisi", na ni neno jema, msiliache. Lakini mtoto akirudi kutoka shambani na wenzake, asiulizwe tu, "Mmefanya nini?" Aulizwe pia, "Wewe ulilima wapi? Na ndugu yako je?" Akijibu kwa kweli, "Mimi nililima mistari miwili, yeye mitatu," asiambiwe kwamba ajivuna. Amehesabu vema, tena ameanza kwa kumpa mwenzake zaidi kuliko yeye. Mtoto aliyezoea hesabu hiyo nyumbani hatababaika siku atakapoketi mbele ya watu watatu mjini na kuulizwa yeye ni nani.